Mgonjwa Huulizwa Jina, Hatajiwi

Nimeziona picha zenu, wajukuu zangu. Binti wa mwanangu ndiye anayenionyesha kwenye simu yake huku akicheka. Hata majina hayajaisha kuitwa darasani, tayari mmeshavaa sare mpya, kile kidude cha kusikilizia moyo kimening'inia shingoni, kichwa kimeinamishwa upande, na chini yake mmeandika: "Nesi wenu kipenzi." Kipenzi cha nani? Hamjatandika hata kitanda. Kidude chenyewe hamjui kinaelekezwa vipi masikioni.

Msininunie. Mwalimu wenu ameniomba niwaandikie maneno ya kuwatia moyo mnapoanza masomo ya cheti, na kwenye kutia moyo mimi sijawahi kuwa hodari. Nilizaliwa Mikindani, nikafanya uuguzi hapa mjini na kwenye zahanati za pwani hii mpaka mdomo wa Ruvuma, na sasa nimestaafu, nakaa zangu Magomeni hii ya hapa mjini, si ile ya Dar, nafuga kuku wasionisikiliza. Nilichobaki nacho ni ulimi. Mwalimu aliujua ulimi wangu kabla hajaniomba, kwa hiyo lawama mpelekeeni yeye.

Najua pia wengi wenu hamkuutaka uuguzi. Mwaka ule bomba la gesi lilipoanza kuongelewa kule Madimba, kila mzazi wa huku alitaka mwanawe asomee gesi. Watoto waliokuwa hawajui kuwasha jiko la mkaa walijiita mafundi wa bomba. Baadaye gesi ikasafiri kwenda zake Dar, na wazazi wakakumbuka ghafla kwamba kuna wagonjwa. Basi mmekuja. Karibuni. Mgonjwa hajali kama ulimpenda tangu utotoni, mradi usimmwagie uji wa moto kifuani.

Na sisi hatukuwa bora kuliko ninyi. Darasa letu tuliingia chuoni tumejaa majigambo, kila mmoja anajiona ameshakuwa nusu daktari, tukakutana na Sista Benedikta. Huyu alikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake na ndiye aliyetufundisha kazi za mikono. Mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, Mmakonde wa Newala, hacheki mpaka mtu mwingine amalize kulia. Siku ya kwanza hakutufundisha kitu. Alitulaza.

Ndiyo, alitulaza kitandani, mmoja mmoja, tangu asubuhi mpaka jioni, na mwenzako ndiye nesi wako. Unalishwa uji umelala chali. Unapigwa mswaki na mtu mwingine. Unaogeshwa kwa kitambaa, na maji yakiwa ya baridi huruhusiwi kusema. Na haja ikikubana, unaletewa bedpani, mbele ya wenzako unaojiona nao sawa. Bedpani ya chuma, wajukuu zangu, asubuhi ya Julai! Tangu siku ile sijampelekea mgonjwa bedpani bila kuipitisha kwanza kwenye maji ya moto na kuifuta. Jambo hilo halikuwa kitabuni, na sidhani kama lipo hata kwenye vitabu vyenu vya leo vyenye picha za rangi.

Sista alisema mtu asiyewahi kulala hawezi kumhudumia aliyelala. Tulimchukia sana.

Sasa niwaambie kuhusu wagonjwa wenu, maana naona mnafundishwa magonjwa tu, wenye magonjwa mnaachiwa mkutane nao wenyewe. Mgonjwa wa pwani hii ana adabu kupita kiasi, na adabu yake itakutia matatani. Chukua mzee wa Mikindani, msikitini safu ya mbele. Unamuuliza, "Babu, umelalaje?" Anakujibu, "Alhamdulillahi." "Umepata choo?" "Alhamdulillahi." "Tumbo bado linauma?" "Alhamdulillahi." Nesi mpya anaandika kwenye faili: mgonjwa anaendelea vizuri. Mgonjwa haendelei vizuri! Anamshukuru Mungu, na Mungu hushukuriwa kwa lolote, hata kwa utumbo uliojifunga. Kwa mzee wa namna hiyo usiulize mdomo. Weka kiganja tumboni, bonyeza polepole, na macho yako yawe usoni mwake. Uso wake hautasema alhamdulillahi.

Na bibi wa kutoka vijiji vya bondeni yeye ana neno lake moja: ndiyo. Umekula? Ndiyo. Hujala? Ndiyo. Umemeza dawa? Ndiyo, mwanangu. Hasemi uongo. Ameona mtu mwenye nguo nyeupe anauliza, na amelelewa kwamba mwenyeji hapingwi. Dawa zenyewe mtazikuta zimefungwa kwenye pindo la kanga. Kabla hamjamwita daktari kuja kushangaa kwa nini dawa hazifanyi kazi, kapapaseni kwanza mapindo ya kanga.

Hiyo "ndiyo" ndiyo iliyotaka kumpasua mgeni.

Alikuwepo mwenzetu darasani, Veronika. Kwenye mitihani ya kuandika hakuna aliyemkaribia, na alihakikisha tunalijua hilo. Siku moja alitumwa kumwandaa mgonjwa wa thieta, mama mmoja aitwaye Mwanaisha, wa kupasuliwa kidole tumbo. Mwanaisha alikuwa amekwenda bafuni. Kitandani kwake alikuwa amejinyoosha shangazi yake, aliyefika asubuhi ile kutoka Msimbati na kapu la ndizi, miguu imevimba kwa safari. Veronika akasimama pembeni ya kitanda na faili lake.

"Wewe ndiye Mwanaisha Athumani?"

"Ndiyo, mwanangu."

"Hujala kitu tangu jana?"

"Ndiyo, mwanangu." Na kweli hakuwa amekula, maana alitoka kwake kabla ya chai.

Basi shangazi wa watu akavuliwa, akanyolewa panaponyolewa, akavalishwa gauni la thieta lililo wazi mgongoni, akapandishwa kwenye machela. Njia nzima ya ukumbini anawasalimia watu aliowapita, hamjambo wenyeji, hamjambo. Mlangoni mwa thieta alikuwa amesimama Sista Benedikta. Yeye hakuuliza kama yule ndiye Mwanaisha. Aliinama akamwambia, "Shikamoo mama. Unaitwa nani?"

"Mimi Zuhura. Mgonjwa mwenyewe yuko bafuni."

"Sasa wewe, mama, mbona umekubali yote haya?"

"Mwanangu, mimi mgeni," akasema Bi Zuhura. "Nilidhani ndivyo mnavyowapokea wageni hapa mjini."

Tulicheka mpaka tukashika kuta. Sista hakucheka. Alimgeukia Veronika, akamwambia kwa sauti ya chini maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: mgonjwa huulizwa jina, hatajiwi. Ukimtajia, atalipokea hata kama si lake, maana umempa, na kitu ukipewa na mwenye nguo nyeupe hukirudishi. Muulize, kisha funga mdomo wako, ungoje alitamke yeye. Veronika alilia chooni siku hiyo na kesho yake. Baadaye akawa nesi mzuri sana, mzuri kuliko mimi, lakini mpaka anastaafu tulikuwa tukimwita Pokea Wageni.

Mtaniambia, bibi, kuuliza jina nalo ni jambo la kufundishwa? Kwa huku kwetu, ndiyo. Mtu wa huku ana majina mengi. Ana la kwenye cheti cha kliniki, ana alilopewa jandoni au unyagoni, ana la mtoto wake wa kwanza, na kama wazee wake walivuka mto kutoka Msumbiji, ana la Kireno ambalo halitumii ila mbele ya padri. Ukisimama mlangoni mwa wodi ukaita "Mama Asha!" watainuka nusu ya wagonjwa, na mfagiaji juu yake. Halafu wapo wanawake ambao jina la mkwe wao hawalitamki hata wakifa, na ole wako mgonjwa wa kitanda cha pili awe na jina hilo hilo. Na juu ya yote hayo, kijana hamuulizi mtu mzima jina lake usoni. Unamwita bibi, babu, mama, baba, na mambo yanakwisha. Heshima nzuri kabisa mtaani. Wodini inaua.

Hapo ndipo anapoingia Felismina.

Huyu alikuwa mwanafunzi wa hapa hapa mnaposoma ninyi, si zamani, viatu vyake bado vina alama sakafuni. Mtoto wa kijiji cha mtoni, Ruvuma chini karibu na mdomo wa bahari, ukoo wao ulitoka ng'ambo. Alilelewa na bibi yake. Mwembamba, mpole, mikono yake ina bahati: mshipa ambao wauguzi watatu wameukosa yeye anaupata huku anaongea habari nyingine. Mimi nilikuwa nakuja wodini mara kwa mara kuwasimamia wanafunzi kwa kujitolea, kwa kuwa kuku wangu hawaniliwazi, na wote waliniita "Bibi" tu. Felismina nilimpenda. Nasema wazi, nilimpenda kuliko wengine, na kwa sababu hiyo nilimsema kuliko wengine.

Kasoro yake ilikuwa moja. Hakuweza kumuuliza mtu mzima jina.

Mtihani wa vitendo wa mwisho alianguka kwa hilo tu. Alipangiwa kumpa dawa mzee mmoja aliyeletwa kuigiza mgonjwa. Akanawa mikono, akapanga trei, akahakiki dozi, akamsalimia babu kwa goti, akampa kidonge. Jina hakuuliza. Na kwenye mtihani ule, ukitoa dawa bila kumtambua mgonjwa, mengine yote uliyofanya ni bure. Akapewa sapu, aurudie mtihani. Akianguka tena, anadisko, chuo kinamtoa, anarudi kwao. Na kwao bibi yake alikuwa ameshatangaza kijiji kizima kwamba nesi wao anakuja, atakayesema nao Kimakonde chao bila mkalimani. Mjomba wake, kwa upande wake, alikuwa ameshatafuta mchumba wa akiba, endapo unesi utashindikana. Muuza samaki, ana pikipiki, ana wake wawili na anatafuta wa tatu wa kukaa dukani.

Nilimchukua pembeni, nikamkalisha kwenye benchi la nje ya wodi. "Niulize mimi jina langu," nikamwambia.

"Bibi, siwezi."

"Kwa nini huwezi? Umekaa na mimi mwaka mzima, unajua jina langu?"

"Sijui, bibi."

"Basi uliza."

Akafunika mdomo kwa mkono. "Bibi, nnaanzaje?"

"Anza na 'una'. Kisha weka 'itwa'. Kisha maliza."

"Bibi, kwetu anayeulizwa jina ni mtoto aliyepotea na mwizi aliyekamatwa." Akainamisha kichwa. "Nikimuuliza mtu mzima, bibi yangu atajua. Sijui atajuaje, lakini atajua."

Nilimlaani bibi yake kimoyomoyo kwa kumlea vizuri mno. Kisha nikamsema. Nikamwambia aende zake akaolewe na pikipiki, akakae dukani na heshima yake anuke samaki. Alilia bila sauti, machozi yanadondoka kwenye sare, na mimi nikaumia mpaka nikashindwa kula mchana. Lakini sikumwomba radhi. Nilitaka akasirike. Nilidhani akikasirika atauliza.

Sasa sikilizeni habari ya mdoli, kwa sababu bila mdoli mimi nisingekuwa kitandani siku ile.

Chuo kilikuwa na mdoli wa mazoezi, mkubwa kama mtu, wanafunzi wakamwita Mama Tunu. Alipofika alikuwa mzuri, ana nywele na kope. Miaka ikapita. Mkono umechomwa sindano mpaka ukitia maji yanatokea kiwikoni. Mguu mmoja umefungwa plasta. Nywele zilikwisha. Lakini mtihani unasema lazima umsalimie mgonjwa, ujitambulishe, umwombe ridhaa, na kila kimoja kina maksi, kwa hiyo Mama Tunu alikuwa anasalimiwa kuliko kiumbe yeyote katika mkoa huu. "Shikamoo Mama Tunu, mimi ni muuguzi wako wa zamu, naomba ridhaa yako nikuchome sindano." Sauti laini, tabasamu. Halafu kijana huyo huyo anavuka uwanja, anaingia wodini kwa mama wa Mahurunga mwenye masikio na damu, anamwambia, "Geuka." Nimeyaona haya kwa macho yangu, na baadhi ya walioyafanya ni dada zenu waliowapokea mizigo juzi.

Wiki ya sapu kichwa cha Mama Tunu kikatoka. Mpya alikuwa ameagizwa, na nchi hii inajulikana kwa vilivyoagizwa. Wakaniita mimi. Mwalimu akasema eti nina uso unaofaa kwa mgonjwa. Nikakubali kwa chai na chapati. Nikapewa kitanda, faili likawekwa miguuni, na maagizo: wewe leo ni Mwajuma Hamisi, una presha, jibu unachoulizwa, usifundishe. Nikasema nitaumwa kama mlivyoagiza.

Mtahini alikuwa mgeni kutoka bara, kijana msafi, mwenye tableti ya kuwekea alama. Si mtu mbaya. Alinisalimia vizuri, akaniita Mama Mwajuma, akakaa pembeni. Dawa zilikuwa pipi nyeupe za kumung'unya, zimewekwa kwenye vikopo vya dawa. Mimi nina kisukari, jambo ambalo siku nzima hakuna aliyeniuliza.

Nikalala pale, na nikamkumbuka Sista Benedikta. Ukiwa umelala chali, wajukuu zangu, unaona matundu ya pua za watu na unaijua tabia yao. Wa kwanza aliingia akampigia shikamoo mtahini, mimi akanipita kama shuka. Wa pili alinisalimia akiwa anasoma faili. Wa tatu alinishika mkono kwa glovu yenye majimaji, sijui ya nini. Na wote, mmoja baada ya mwingine, waliniuliza swali lile lile alilouliza Veronika: "Wewe ndiye Mwajuma Hamisi?"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. Nilikuwa natimiza maagizo. Mtahini akagusa tableti yake, alama ikaingia, nikapewa pipi. Pipi nikaiweka shavuni, akitoka naifunga kwenye pindo la kanga. Kufika saa ya chai pindo langu lilikuwa zito.

Kisha akaingia Felismina.

Moyo wangu ulianza kwenda mbio, na presha ya Mwajuma Hamisi ikawa yangu kweli. Akaweka trei. Akanawa. Akavuta pazia, na hapo ndipo nilipogundua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyelivuta, nilikuwa naumwa mbele ya dirisha na wapishi wote wananitazama. Akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamtazama, akanitazama, na jicho lake likaanza kujaa maji. Mtahini akaitazama saa yake. Mimi ulimi ulikuwa unawasha. Nilitaka kumwambia, mtoto wee, mimi Mwajuma, nakutajia, chukua uende zako. Nilijua nikifanya hivyo nimemmaliza. Nikaung'ata ulimi, na mara ya mwisho nilipoung'ata ulimi wangu ilikuwa harusini kwangu.

Felismina akavuta pumzi. "Bibi," akasema, "mimi naitwa Felismina. Nimelelewa na bibi yangu, kule mtoni Ruvuma. Nikirudi kwetu nnapenda nimpelekee salamu zako. Nimwambie zimetoka kwa nani?"

Ninyi ni watu wa huku, mnajua. Salamu haipokelewi ikiwa haina mwenyewe. Ukiulizwa salamu zako zinatoka kwa nani, huwezi kutaja jina la kuazima, utakuwa umemdanganya mtu usiyemjua, mtu mzima, aliyekaa kwake hana habari. Kabla akili yangu haijafika, mdomo wangu ulishafika.

"Mwambie zimetoka kwa Somoe binti Bakari, wa Mikindani."

Nikasikia tableti ya mtahini ikigonga kiti. Nikajua nimemuua mtoto wa watu. Mtihani wake wa mwisho, na mimi kikongwe nimetaja jina lisilokuwemo. Mpaka leo yupo mwalimu anayesema nilifanya makusudi. Ningefanya makusudi ningesema Mwajuma!

Felismina alichukua faili. Akalisoma. Akanitazama, akalisoma tena. Kisha akakivuta kile kikopo cha pipi kutoka karibu yangu, akakirudisha kwenye trei.

"Bibi, nisamehe," akasema. "Dawa hii imeandikiwa Mwajuma Hamisi. Si yako. Nnaomba unisubiri, nikamuulize msimamizi wa zamu."

Akageuka aondoke na trei yake, kwa heshima zote, kama vile msimamizi wa zamu yupo kweli nje ya mlango.

"Ngoja, ngoja," mtahini akasimama. "Mama, wewe ni Mwajuma."

"Leo ndiyo," nikasema. "Kwa bibi yake siwezi kuwa Mwajuma."

"Mgonjwa ameharibu mtihani."

"Baba, wagonjwa wote huharibu mtihani. Ndiyo kazi yetu."

Akamgeukia Felismina. "Na wewe hukumuuliza jina. Hapa imeandikwa, amuulize mgonjwa jina lake."

Felismina alitazama chini. Nikaona anarudi kwenye lile benchi, kwenye pikipiki, kwenye samaki, na hapo maagizo ya kutofundisha yakanishinda. Nikaketi kitandani.

"Hilo jina alilonalo, baba, amelipata wapi? Mimi nilikuwa nimelala hapa tangu asubuhi. Wenzake wote wamenitajia jina la mtu nikalipokea, na wote umewapa alama. Huyu peke yake ndiye anayejua nani yuko kitandani."

Nilimwona anataka kukasirika, na alikuwa na haki. Lakini nimeshawaambia hakuwa mtu mbaya. Alikaa, akamuuliza Felismina polepole, "Ulijua kabisa ni mtihani. Kwa nini usingempa tu?"

"Bibi kasema Somoe," Felismina akajibu. Hakuona kwa nini linahitajika jibu jingine.

Mtahini aliirudia tableti yake. Akasoma mstari unaosema jina lisipolingana na faili, dawa isitolewe. Akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, kwamba mstari huo siku nzima hajapata nafasi ya kuutia alama. Akautia. Kisha akaniomba nilale chini na nirudi kuwa Mwajuma, kwa kuwa nje bado kuna wengine wanangoja.

Felismina alifaulu. Alipotoka nyuma ya pazia sikumwambia hongera, nilimwambia afunge vizuri kamba ya kiatu. Alipokwisha kupita nikajifunika kanga kichwani nikalia, na mwanafunzi aliyefuata akaandika kwamba mgonjwa ana huzuni. Huyo nilimpenda naye kidogo.

Sasa yuko zahanati ya huko kwao. Muuza samaki alikwenda kupimwa presha akakaa kwenye foleni kama watu wengine. Na siku moja, mimi niko uani nagombana na kuku, mama mmoja nisiyemjua akapiga hodi. Ametoka mtoni, ameshuka gari Chikongola, amekuja Magomeni kwa miguu anauliza nyumba kwa nyumba: kwa Somoe binti Bakari, wa Mikindani, ni wapi? Alikuwa na kapu la mchele wa bondeni. "Salamu zako zilifika," akaniambia. "Bibi yake Felismina anazirudisha. Amesema nikutajie na jina lake, usije ukapokea salamu zisizo na mwenyewe. Anaitwa Anjelina." Nikamkaribisha ndani nikiwa siwezi kusema, na mnaonijua mnajua hilo hutokea mara ngapi.

Wale wengine walifaulu pia, kwa alama nzuri kuliko zake. Mwezi uliopita nilikwenda kliniki ya kisukari. Akatokea nesi mmoja, nadhifu, na kile kidude shingoni, nikamtambua: ni yule wa pili, aliyenisalimia huku anasoma faili. Akafurahi kweli kuniona. Mkononi ana sindano tayari imevutwa, ya mtu fulani.

"Shikamoo bibi! Nakukumbuka. Wewe ndiye Bi Mwajuma Hamisi, si ndiyo?"

Nawaambia ukweli, wajukuu zangu, ile "ndiyo, mwanangu" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Ananitabasamia, amevaa nyeupe, ningemkatalia vipi? Nikaimeza. Nikakunja mkono wangu chini ya kanga.

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Rudi mlangoni, uingie upya. Safari hii niulize."